Foleni ya Sarafu za Mtandaoni

Kati ya tarehe 7 na 8 Mei 2023, watu waliotaka kutoa Bitcoin zao katika soko la Binance waliukuta mlango umefungwa mara mbili. Hapakuwa na wizi. Miamala zaidi ya 400,000 ilikuwa ikingoja zamu, kwa kuwa watu walikuwa wamevamia daftari la Bitcoin kuandikia humo sarafu mpya za mzaha.

Maadamu habari za sarafu hizi huzungumzwa hata katika mesi zetu, yafaa askari afahamu foleni hiyo hutokeaje. Daftari la Bitcoin huongezwa ukurasa mmoja kila baada ya dakika 10 hivi, na ukurasa huo hauenei ila miamala elfu chache. Wauandikao, waitwao wachimbaji, huwatanguliza walipao ada kubwa. Ni daraja jembamba ambalo mlinzi wake hatazami cheo, hutazama mfuko.

Hapa ndipo mnyonge huumia. Ada haipimwi kwa thamani ya fedha bali kwa urefu wa maandishi ya muamala. Hivyo tajiri apelekaye dola milioni na koplo apelekaye dola 50 za karo ya mwanawe waweza kutozwa sawasawa. Desemba 2017 wastani wa ada ulipita dola 50. Tarehe 20 Aprili 2024, ulipita dola 100. Karo yote ingeliwa njiani, na mtoto angerudishwa nyumbani.

Aliyelipa ada ndogo hajapoteza fedha. Muamala usiothibitishwa, kwa kawaida, huondolewa foleni baada ya wiki mbili hivi, na mwenyewe akaweza kuzitumia tena. Na baadhi ya pochi humruhusu kuongeza ada aliyokwisha kuiweka. Lakini iwapo soko lenyewe ndilo lililozuia, muamala haujaingia hata foleni, na hana la kufanya ila kungoja.

Ndugu zetu wa polisi watambue jambo moja wanapopokea malalamiko. Ada ya kweli hukatwa ndani ya muamala wenyewe. Mtu apigaye simu akidai atumiwe kwanza fedha “za kufungua” zilizokwama, huyo si mchimbaji wala karani wa soko. Ni mwizi, na namba yake ya simu ni ushahidi; mlalamikaji aambiwe asiifute.