Oili ya gari: Ukishazoea sintetiki, huwezi kurudi kwenye ya kawaida?

Ni wiki ya pili ya Desemba na gereji nyingi za Dar es Salaam zimejaa. Familia zinazokwenda kula sikukuu mikoani zinataka gari likaguliwe kabla ya safari. Katika gereji moja ya mtaani, mama wa watoto watatu amesimama kando ya gari dogo la injini ya 1.5, mtumba wa Japani. Fedha ya servisi anayo, lakini haitoshi kununua oili ya sintetiki ambayo mumewe amekuwa akiweka mwaka mzima. Kuna mafuta ya kwenda Moshi na kurudi, na Januari kuna ada.

"Fundi, safari hii tuweke ya kawaida," anasema.

Fundi anatikisa kichwa. "Mama, hii gari imeshazoea sintetiki. Ukiirudisha kwenye ya kawaida unaua injini."

Anampigia mumewe. Naye ana lake: jirani amemwambia sintetiki ndiyo inayovujisha magari ya zamani, hivyo bora waachane nayo.

Gari ni moja, ushauri ni wa aina mbili, na yeyote atakayekosea, hasara itaingia kwenye fedha ya watoto. Ukweli uko wapi?

Tofauti ya oili hizi

Oili ya kawaida hupatikana kwa kusafisha mafuta ghafi. Ya sintetiki hutengenezwa kiwandani kwa njia za kikemia, ili chembe zake zilingane zaidi na uchafu uwe mdogo. Zote mbili huongezwa dawa za kusafisha injini, kuzuia kutu na kupunguza msuguano.

Faida ya sintetiki ni kwamba huvumilia joto kali zaidi, haichakai haraka, na hufika mapema kwenye vyuma vya juu ya injini gari linapowashwa asubuhi. Si teknolojia ngeni. Magari ya kawaida yamekuwa yakiitumia tangu miaka ya 1970.

Injini haina mazoea

Jibu la swali la mama yule ni kwamba inawezekana kutoka sintetiki kwenda kawaida, na kutoka kawaida kwenda sintetiki. Injini haizoei oili. Ushahidi uko kwenye rafu za maduka ya vipuri: ile inayoitwa nusu sintetiki ni mchanganyiko wa oili hizo mbili, na huuzwa kwa ajili ya magari haya haya.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuosha injini kwa dawa maalumu kabla ya kubadilisha. Oili ya zamani humwagwa ikiwa na joto kidogo, filta hubadilishwa, kisha hutiwa mpya. Kiasi kidogo kinachobaki ndani hakina madhara.

Kinachoua injini mara nyingi ni vitu vingine: oili kupungua bila mtu kujua, oili kukaa muda mrefu kupita kiasi, au kuwekwa oili yenye uzito usiofaa.

Soma namba kwanza

Kwenye galoni kuna maandishi kama 5W-30 au 20W-50. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi. Ikiwa ndogo, hutiririka kwa urahisi zaidi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikiwa imepata moto.

Injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 isiwekewe 20W-50 kwa sababu tu "Dar kuna joto". Oili nzito huchelewa kufika kwenye vyuma wakati wa kuwasha na huongeza ulaji wa mafuta. Uzito unaofaa huandikwa kwenye kitabu cha gari na mara nyingine kwenye kifuniko cha kutilia oili. Baadhi ya vitabu huruhusu uzito zaidi ya mmoja, kwa mfano 5W-30 na 10W-30.

Tazama pia alama ya API. Kwa magari ya petroli, herufi huanza na S. SN ilianza mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Ya karibuni inafaa pia kwa injini za zamani zaidi.

Yapo magari yasiyofaa kurudishwa kwenye oili ya kawaida. Mengi yenye turbo, mengi ya Ulaya yenye viwango vyao maalumu, na yale yanayotaka 0W-20 yanahitaji sintetiki. Kama kitabu kinasema hivyo, hapo si pa kubana matumizi.

Na kuvuja je?

Maneno ya jirani yana chembe ya ukweli. Sintetiki za mwanzoni ziliwahi kusumbua sili za mpira. Za sasa zimerekebishwa. Lakini injini iliyokaa miaka mingi bila servisi nzuri hujenga tope ndani, na tope hilo linaweza kuziba sili iliyokwisha. Oili yenye nguvu ya kusafisha ikiliondoa, uvujaji uliokuwepo hujitokeza. Dawa yake ni kubadilisha sili.

Hesabu ya nyumbani

Tuseme familia inatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Tuseme pia galoni ya oili ya kawaida ni Sh50,000, ya sintetiki Sh120,000, na filta pamoja na fundi ni Sh20,000.

Kwa oili ya kawaida inayobadilishwa kila kilomita 5,000, ni servisi tatu: Sh210,000 kwa mwaka. Kwa sintetiki kila kilomita 7,500, ni servisi mbili: Sh280,000. Ili gharama zilingane, sintetiki lazima ikae kilomita 10,000.

Je, ikae kiasi hicho? Toyota nchini Japani husema magari yake mengi ya petroli yasiyo na turbo yabadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Lakini kwa matumizi magumu hukata nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu ni pamoja na safari fupi fupi, vumbi, na injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Kwa mzazi anayepeleka watoto shule kwenye foleni na kurudi kwa barabara ya vumbi, hayo ndiyo maisha ya kila siku.

Hivyo kwa gari dogo lisilo na turbo, oili ya kawaida yenye uzito sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, ni bora kuliko sintetiki iliyosahaulika ndani ya injini mwaka na nusu.

Kabla ya safari ndefu

Pima oili gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika chache. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisha kisome. Oili iwe kati ya alama mbili. Rangi nyeusi peke yake si ugonjwa, lakini ikiwa kama chai ya maziwa, huenda maji yameingia; usisafiri.

Ikipungua njiani na huipati chapa yako, ongeza yoyote yenye uzito unaofaa. Kuchanganya hakuna madhara. Kuendesha ikiwa imepungua sana ndiko kwenye madhara. Taa nyekundu yenye umbo la birika ikiwaka, simama mahali salama na uzime injini papo hapo. Usijipe moyo kwamba utafika Mombo.

Oili chafu na watoto

Oili iliyomwagwa isihifadhiwe kwenye chupa za soda au maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Isimwagwe uani wala kwenye mtaro, bali ibaki gereji kwa wanaoikusanya. Na galoni tupu litoboe, lisije likajazwa oili bandia na kuuziwa mwingine.

Kwenye ile gereji, mama aliomba kitabu cha gari kilichokaa miaka yote kwenye droo ya dashibodi. Kiko kwa Kijapani, lakini 5W-30 inasomeka kwa lugha yoyote. Fundi aliweka ya kawaida yenye namba hiyo na filta mpya, kisha akaandika kwenye kadi: servisi ijayo baada ya kilomita 5,000. Moshi kwenda na kurudi itakula zaidi ya 1,000.

Chenji iliyobaki ilinunua lita moja ya akiba, ikawekwa kwenye buti karibu na mabegi ya watoto.