Asiyeonyesha kwa kidole, usisubiri aseme

Mama anafika kliniki na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kadi inaonyesha uzito unapanda vizuri na chanjo zote amepata. Akiulizwa kama kuna shida nyingine, anasita, kisha anasema mwanawe hajaanza kuongea, ila bibi yake amemtuliza: hata baba yake alichelewa, atasema tu.

Kweli wapo wanaochelewa na baadaye wakaongea vizuri. Kwa hiyo usihesabu maneno peke yake, angalia anavyowasiliana. Mtoto wa umri huo akiona paka mlangoni hunyoosha kidole, kisha humgeukia mama yake kuhakikisha naye ameona. Hataki apewe paka. Anataka wamtazame pamoja. Lugha hujengwa juu ya kitendo hicho, na mara nyingi ndicho kinachokosekana kwa mtoto mwenye usonji. Huyo akitaka maji, anaweza kukushika mkono na kukuvuta hadi kwenye ndoo bila kukutazama usoni.

Angalia pia kama anafikisha miezi 9 bila kugeuka akiitwa jina, mwaka mmoja bila kupunga mkono, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili. Dalili moja haitoshi kusema ni usonji. Lakini mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo.

Hapo ndipo chanjo husingiziwa. Baadhi ya watoto hupoteza maneno kati ya miezi 15 na 24, na dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa hapa nchini mtoto akiwa na miezi 18. Mambo hayo mawili hukutana kwa umri tu. Makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, na tafiti kubwa hazikuona uhusiano wowote.

Wala si kosa la mama. Zamani hata madaktari wa Marekani walidai usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Walikosea vibaya, ingawa lawama hizo bado zinasikika kwa mawifi na majirani. Urithi wa vinasaba una mchango mkubwa.

Ukifika hospitali, omba mtoto apimwe usikivu kwanza, kwa sababu asiyesikia naye hageuki akiitwa. Baada ya hapo zipo dodoso fupi za wazazi. Moja ina maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Majibu yake hayathibitishi usonji, huonyesha nani achunguzwe zaidi.

Miadi ya mtaalamu inaweza kuwa mbali. Msiikae bure. Zima televisheni, keti naye mkekani macho yenu yalingane, chezea anachochezea yeye. Akipanga vifuniko vya chupa, mpe kimoja kimoja ukikitaja, kisha kishike cha mwisho karibu na uso wako na usubiri akutazame.