Wiki Sita za Kujiandaa kwa Mtihani wa Udaktari

Nchini Marekani, anayetafuta leseni ya udaktari hupitia mtihani uitwao USMLE, wenye hatua tatu. Ile ya kwanza, Step 1, humalizwa kwa siku moja: muda wa saa 8 mbele ya kompyuta na maswali yasiyozidi 280. Tangu Januari 26, 2022, matokeo yake hutolewa kwa kufaulu au kufeli tu, bila alama. Hakuna hatua inayoruhusiwa kufanywa zaidi ya mara nne. Hata daktari aliyehitimu Muhimbili au Makerere, akitaka kwenda kubobea huko, hana budi kuufanya.

Vyuo vingi vya huko huwaachia wanafunzi wiki kadhaa zisizo na vipindi ili wajiandae. Hapo ndipo ratiba inapohitajika, na wengi huikosea kwa kujipangia saa za kusoma badala ya kazi za kukamilisha. Mtu anaweza kukaa na kitabu kutwa nzima, jioni asijue amevuna nini.

Ni vyema kuhesabu kuanzia siku ya mtihani kurudi nyuma. Tuseme kuna wiki sita. Ya mwisho itengwe kwa marudio. Katika tano zilizobaki, siku moja ya kila wiki iwe ya kupumzika. Zinabaki siku 30 za kazi. Maswali 80 kwa siku yatafika 2,400. Kujibu maswali 40 huchukua kama saa moja, lakini kuyachambua, yaliyokosewa na yaliyopatikana, kunaweza kula saa mbili. Basi maswali 80 ni kazi ya saa sita, na muda unaobaki ni wa kusoma mada zilizoonekana dhaifu.

Kwa nini maswali? Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baada ya dakika tano, waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima kwa kujaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Mapema zaidi, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikuwa ameonyesha kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yale ya kulundika siku moja. Ndiyo maana mada ya moyo iliyosomwa Jumatatu inafaa irudi Alhamisi, kisha wiki inayofuata.

Usingizi nao uandikwe kwenye ratiba, sawa na somo lolote.

Takriban wiki mbili kabla ya mtihani, mwanafunzi afanye jaribio kamili, akianza saa ileile ya asubuhi atakayoanza siku yenyewe. Mtahiniwa huchagua kipindi cha miezi mitatu cha kufanyia mtihani, na ndani yake tarehe inaweza kusogezwa. Jaribio likionyesha bado hajaiva, asione haya: aisogeze tarehe mbele bila kuchelewa.