Ulikuwa wakili nyumbani: shahada yako ina kazi gani Marekani

Wapo miongoni mwenu waliosomea sheria Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura au Dar es Salaam. Wengine walisimama mahakamani miaka mingi kabla vita havijawahamisha. Leo wanapanga maboksi ghalani zamu ya usiku, na swali lao ni moja: je, ile shahada imekufa?

Haijafa. Lakini Marekani haina leseni moja ya uwakili kwa nchi nzima. Kila jimbo lina kanuni zake, na majimbo mengi yatakutaka usome upya shahada ya sheria ya miaka mitatu. Kwa aliyesoma nje, milango iliyo wazi zaidi ni California na New York. California humruhusu mtu aliyekwisha kusajiliwa kuwa wakili nchini kwake, na ambaye bado yuko kwenye orodha ya mawakili huko, kufanya mtihani bila kurudi darasani.

New York hutazama mambo mawili: ulisoma miaka mingapi, na ulisoma sheria ya mfumo gani. Aliyesoma Kenya, Uganda au Tanzania amesoma mfumo uliotoka Uingereza, kama wa Marekani, kwa hiyo akitimiza muda anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani moja kwa moja. Sheria za Congo na Burundi zilitoka Ubelgiji. Mwenye lisansi ya huko atatakiwa kwanza asome shahada ya uzamili ya sheria, inayoitwa LL.M., katika chuo cha Marekani kilichoidhinishwa, akiwa darasani na si kwa intaneti. Ni masomo ya karibu mwaka mmoja, na karo yake inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo usilipe hata senti kabla Bodi ya Mitihani ya Mawakili ya New York haijakujibu kwa maandishi kwamba LL.M. itakutosha.

Bodi haitakujibu bila matokeo yako ya masomo, nayo huyataka yatoke chuoni moja kwa moja, si mkononi mwako. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Anza na hilo leo, hata kama hujaamua lolote. Mwandikie ndugu aliyebaki huko barua ya kumruhusu akufuatilie kwa msajili wa chuo. Kama haiwezekani kabisa, kanuni za New York zinaruhusu kuiomba Mahakama ya Rufaa ya jimbo ilegeze sharti kwa sababu ya dhiki. Tunza kila karatasi inayoonyesha ulivyojaribu.

Mtihani hufanyika Februari na Julai, kwa Kiingereza cha kuandika hoja ndefu. Kiingereza cha kazini hakitoshi. New York pia hudai saa 50 za msaada wa kisheria wa bure. Kutokuwa raia si kizuizi: mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mwanamke Mholanzi aliyeitwa Griffiths, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mkazi halali uwakili kwa sababu tu si raia.

Sasa neno gumu. Majirani wakijua ulikuwa wakili watakuletea fomu zao. "Mzee, wewe si ulisoma mambo haya? Nisaidie tu." Kumtafsiria mtu na kuandika anayosema mwenyewe unaweza, na utie sahihi yako mahali pa mkalimani au pa aliyemwandikia. Kumshauri ajaze fomu ipi, au ajibu vipi, ni kazi ya wakili, na kuifanya bila leseni ni kosa. Mkimbizi ana miaka 2 tu tangu kuingia nchini kuwaombea mwenzi na watoto kwa fomu ya I-730. Ushauri mbaya hapo unaweza kuwaacha watoto Nyarugusu. Na wewe, siku ya kuomba leseni, mwenendo wako utachunguzwa. Wala usijiite noteri kwa maana ya kwetu. Kule noteri ni ofisa mwenye mamlaka. Huku anayeitwa notary public hushuhudia sahihi tu.

Ipo njia nyingine halali, nayo haihitaji hata shahada ya Marekani. Wizara ya Sheria ya Marekani huwaidhinisha watu wasio mawakili kuwakilisha wahamiaji kupitia mashirika yasiyo ya faida. Kibali cha sehemu hukuruhusu kushughulikia maombi kwenye idara ya uhamiaji. Kibali kamili hukufikisha hadi mahakama ya uhamiaji. Hudumu miaka 3 na huongezwa. Huwezi kujiombea mwenyewe, shirika ndilo hukuombea, na lazima liwe limetambuliwa na Wizara. Ukienda kujitolea mahali popote, uliza hilo kwanza.