Kutoka Chombo hadi Byombo: Safari ya Neno Moja Baina ya Pwani na Kampemba

Katika komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, neno byombo husikika jikoni na katika karakana. Katika nyumba za mtaa wa Bel-Air au wa Bongonga, kuosha byombo ni kuosha sahani, vikombe na sufuria. Katika Quartier Industriel, yaani mtaa wa viwanda ulio katika komini hiyohiyo, byombo ya kazi ni nyundo, spana, misumeno, minyororo ya kuinulia mizigo na kila kitu ambacho fundi hawezi kuanza kazi bila kuwa nacho. Mwanafunzi aliyekulia hapo akiingia katika darasa la Kiswahili Sanifu huambiwa kwamba amekosa mara mbili: alipaswa kusema vyombo, wala si byombo, na alipaswa kusema vya kazi, wala si ya kazi.

Kwa anayefanya mtihani wa Kiswahili Sanifu, sahihisho hilo ni la haki. Lisilo la haki ni maelezo yanayofuatana nalo aghalabu, kwamba byombo ni vyombo iliyoharibiwa njiani na watu wasiojua lugha, na kwamba maana yake ya zana za kazi ni upungufu wa msamiati. Maelezo hayo yamewafanya wasomi wengi wa Katanga waione lugha yao ya nyumbani kuwa ni kitu cha kuachwa mlangoni. Jambo hili linastahili kuchunguzwa kwa kufuata neno lenyewe, kwa sababu ni neno lenye historia ndefu na kila hatua yake imeacha alama.

Umbo la neno si gumu kufafanua. Chombo ni ki- ya ngeli, ikifuatwa na shina -ombo; ki- imekutana na irabu ikawa ch-, kama ilivyo katika chumba na chakula. Ushahidi wa shina hilo umo katika ukubwa na udogo wa neno lenyewe: jombo ni chombo kikubwa, kijombo ni chombo kidogo, na katika yote mawili ch- imetoweka huku -ombo ikibaki. Katika wingi, vi- na -ombo hutoa vyombo. Hivyo ndivyo ilivyo Unguja. Lakini si pwani yote isemayo hivyo. Katika Kiamu, lahaja ya Lamu, ngeli hii katika wingi huchukua z-, na wingi wa chombo ni zombo, kama vile wingi wa chakula ulivyo zakula. Msomaji wa tenzi za kale huzizoea z- hizo mapema, na hakuna mwalimu anayezihesabu kuwa ni makosa. Huitwa lahaja, tena lahaja yenye heshima.

Basi zipo zombo, vyombo na byombo. Wataalamu wa isimu linganishi ya Kibantu, Malcolm Guthrie akiwa mmojawapo, wameunda upya kiambishi cha ngeli ya nane kuwa ni *bi-. Kwa kipimo hicho, Unguja na Lamu ndiko kulikotokea mabadiliko ya sauti, na umbo la Kampemba ndilo lililo karibu zaidi na la asili. Hapa pana kishawishi cha kudai kwamba Lubumbashi imehifadhi Kiswahili cha kale kuliko pwani. Dai hilo linapendeza masikioni, ila halina msingi. Kiswahili kilifika Katanga kikiwa tayari na vy-. Kilipofika kiliwakuta wasemaji wa lugha kama Kiluba na Kisanga, ambazo ngeli hii katika umoja na wingi ni ki- na bi-, nao wakalipokea neno geni kwa kulitia katika safu waliyokuwa nayo tangu utotoni: kintu na bintu, kitabu na bitabu, na hatimaye byombo. B ya Kampemba ni ya kale kweli, lakini ukale wake umetoka kwa Kiluba na jamaa zake. Hilo halipunguzi thamani ya umbo hilo. Linaonyesha tu kwamba lina kanuni, na kwamba kanuni hiyo inajulikana.

Kuhusu ya badala ya vya, sura ni nyingine. Edgar Polomé katika makala yake ya mwaka 1968 juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, na Walter Schicho katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya sintaksia ya lahaja hiyo, wameonyesha jinsi upatanisho wa ngeli ulivyopunguzwa huko. Ya imetanda mahali ambapo Kiswahili Sanifu kingedai vya, la, cha au wa. Huo ni urahisishaji, na hauwezi kuelezwa kwa kuwategemea Waluba, kwa maana Kiluba chenyewe kina upatanisho kamili. Ni alama ya mji uliokusanya watu wa lugha nyingi kwa muda mfupi. Katika maneno matatu tu, byombo ya kazi, zinakutana nguvu mbili zisizofanana: moja inayotunza kiambishi cha Kibantu, na nyingine inayoilegeza sarufi ya Kibantu.

Sasa maana. Kamusi za karne ya 19, kama orodha ya maneno iliyomo katika kitabu cha Edward Steere kilichotoka mwaka 1870 na kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882, zinatoa maana ambazo msomaji wa leo huziona kama maneno mbalimbali. Chombo ni kitu cha kutilia kitu, kama chungu au mtungi. Chombo pia ni merikebu ya tanga. Na vyombo, kwa wingi, ni mali ya nyumbani inayohamishika na vifaa vya kazi. Ile maana ya baharini ndiyo iliyoingia katika methali, kama isemayo kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Ifahamike kwamba maana hizi hazikugawanywa ovyo. Umoja ndio unaopendelea kutaja kitu kimoja chenye umbo lake, mtungi au jahazi. Wingi ndio unaopendelea kutaja jumla ya vitu ambavyo mtu hujiandaa navyo kwa shughuli fulani.

Kwamba neno moja liweze kutaja vifaa na merikebu ni jambo linaloonekana pia katika neno jingine la baharini. Jahazi limetokana na neno la Kiarabu ambalo shina lake, lenye konsonanti j-h-z, linahusu kuandaa na kutayarisha. Katika Kiarabu jahāz au jihāz ni vitu vya kujiandalia: masurufu ya msafiri, mali ya bibi harusi, na katika Kiarabu cha leo, mtambo au kifaa chochote. Katika Surat Yusuf neno hilo limetumika kwa shehena waliyofungiwa ndugu zake Yusuf. Waajemi walilipokea wakalifanya jina la merikebu, na kwa Wahindi jahāz ni merikebu hadi leo. Waswahili walilipata katika maana hiyo ya baharini. Hivyo bandari ya Zanzibar ilikuwa na maneno mawili, moja la Kibantu na moja la Kiarabu, na yote mawili yalikuwa na vifaa upande mmoja na merikebu upande wa pili. Tofauti ni kwamba jahazi liliwafikia Waswahili likiwa limekwisha kuiacha maana ya vifaa, na chombo kimezishika zote.

Kwa wasomi wa Lubumbashi, ambao Kifaransa ndicho lugha yao ya chuo, mfano wa karibu zaidi uko mdomoni mwao kila siku. Vaisseau, yaani merikebu, na vaisselle, yaani vyombo vya kulia, yote yametokana na neno la Kilatini vas, chombo. Na wingi wake, vasa, katika jeshi la Kirumi ulitaja mizigo na vifaa vya askari: kukusanya vasa kulikuwa ni kufunga mizigo tayari kuondoka kambini. Anayeshangaa kwamba byombo ya Kampemba ni sahani na pia ni spana angeshangaa vilevile kwa Warumi.

Kiingereza nacho kina neno lake, tackle, ambalo lilichukuliwa katika Enzi za Kati kutoka kwa mabaharia waliosema lugha za Kijerumani cha Kaskazini na Kiholanzi, walioliita takel. Mwanzoni lilikuwa na maana ya vifaa kwa jumla. Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alilitumia kwa mishale ya mpiga upinde. Baadaye merikebu ilizidi kulivuta upande wake, likawa jina la kamba na roda za kupandishia tanga, na Waholanzi na Waflemi hadi leo huita takel chombo cha kuinulia mizigo. Neno hilo lilianza kwa upana likajibana kwenye kamba. Chombo hakikujibana hivyo. Kamba na sehemu nyingine za merikebu ya pwani zilipata majina yao mahususi, na mengi ni ya kuazima: usukani wa Waarabu, nanga ya Waajemi, roda ya Wareno, ambalo kwao ni gurudumu tu. Sehemu moja moja ikaitwa kwa lugha ya mgeni aliyeileta au kuiboresha, na ujumla ukabaki na jina la Kibantu.

Ujumla huo ndio uliosafiri. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora na kuvuka au kuzunguka Ziwa Tanganyika ilifika hadi Bunkeya, makao makuu ya Msiri, aliyetawala huko hadi alipouawa mwaka 1891. Watu wa misafara hiyo hawakuwa na haja ya demani wala foromali katika nyika ya Katanga. Walikuwa na haja ya sufuria, majembe, bunduki na vitu vya kupigia kambi. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Kampemba anaweza kuzeeka asione tanga. Maana ya merikebu haikuharibiwa na mtu. Ilikosa kitu cha kutaja.

Mji wenyewe ulipoanzishwa mwaka 1910, kwa jina la Elisabethville, Kiswahili hakikuwa peke yake. Reli ilifika mwaka huohuo kutoka kusini, kupitia Rhodesia, na kampuni ya Robert Williams iliandikisha wafanyakazi wengi wa migodi kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Kiingereza, na lugha za kazi zilizotoka kusini, vilikuwa na nguvu migodini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyopendelewa na Wabelgiji kwa sehemu kwa ajili ya kuukata uhusiano huo na Waingereza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilipoanza kuwaweka wafanyakazi mjini pamoja na wake na watoto wao, wengi wakitoka Kasai na Ruanda-Urundi, Kiswahili kikawa pamoja lugha ya karakana na lugha ya jiko. Ni vigumu kupata neno linaloonyesha jambo hilo wazi kuliko byombo, ambalo mume alilitumia kazini na mke nyumbani bila kuhitaji kulibadilisha.

Huko pwani na Tanzania bara mambo yalikwenda kwingine. Maana ya vifaa iligawanywa kwa maneno mengine: vifaa vikawa neno la kawaida la ofisini na shuleni, zana zikaenda kwa kilimo na vita, ala kwa muziki. Vyombo vikapanda cheo: vyombo vya habari, vyombo vya usafiri, vyombo vya dola. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akisikia vyombo vya kazi hufahamu, lakini pengine yeye mwenyewe angesema vifaa. Kwa hiyo katika jambo hili moja fundi wa Quartier Industriel yuko karibu zaidi na kamusi ya Steere kuliko mwanafunzi huyo. Mpinzani wake wa kweli ni Kifaransa, kwa maneno kama outil na matériel, ambayo fundi aliyesoma huyapachika katikati ya sentensi bila kufikiri.

Mwaka 1965 ilitoka mjini humo kazi iliyoandikwa na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, ambayo Fabian na wenzake waliitoa tena pamoja na ufafanuzi mwaka 1990. Jina lake linaahidi msamiati wa mji wa Elisabethville. Ndani yake mna historia ya mji huo, katika Kiswahili cha huko, kwa tahajia na upatanisho wa huko. Matini kama hiyo haiwezi kusomwa na mtu anayesahihisha kila bi- kuwa vi- kabla ya kufika mwisho wa mstari. Mwalimu anaweza kudai vyombo vya kazi katika insha na bado akafundisha byombo ya kazi ilitoka wapi. Ni masomo mawili, na la pili halijapewa saa za kutosha darasani.

Mtunzi wa kamusi ya Kiswahili cha Katanga atakutana na swali dogo la kiutaratibu. Je, byombo iwekwe chini ya chombo, kama wingi wake, au ipewe kidahizo chake? Katika maana ya vifaa, wingi ndio unaotumika kwa kawaida, na upatanisho wake haufuati tena ule wa umoja. Kwa hali hiyo herufi B ndiyo mahali pake, na chombo kitajwe humo kama asili, pamoja na merikebu ambayo neno hili lilikuwa nayo kabla ya kuanza safari ya bara.