Kujijengea ndege wakati wa pensheni: hesabu saa mbele ya dola

Wandugu, mimi ni agronomu, si fundi wa ndege, lakini kalendari ya kilimo imenizoeza kuhesabu muda mbele ya kununua mbegu. Ku Marekani mtu anaweza kununua vipande vya ndege na kuiunga nyumbani. Sheria inaomba zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza ao kujifurahisha tu.

Tuchukue ndege ya alumini ya watu wawili, kama zile za Van's Aircraft ya Oregon. Tuseme inakula saa 2000. Kwa saa 10 kila juma, ni karibu miaka 4. Mwenye kuanza na miaka 65 anafika 69, na bado kuna saa za majaribio bila abiria. Macho na moyo havingoji.

Njo maana minaona heri kununua mkia kwanza, ungali kazini. Ukichoka nao, hasara ni ndogo. Injini na vyombo vya elektroniki vije mwisho, juu vinazeeka ndani ya karton. Bibi naye aulizwe mapema: gari italala inje miaka ile yote.