Uuguzi Nyanda za Juu (6): Muuguzi na aitwe muuguzi

Siku ya Wauguzi Duniani imepita, Mei 12, mishumaa imewashwa na kiapo kimerudiwa. Siku hiyohiyo, kwenye zahanati moja ya kijijini huku Iringa, nilimsikia bibi mmoja akimwambia muuguzi: "Daktari, nichome sindano tu." Muuguzi hakumsahihisha.

Waliofuata mfululizo huu wanawakumbuka wamisionari Wamoraviani wa Rungwe na masista Wakatoliki wa Tosamaganga. Leo ni zamu ya dresa. Mwaka 1926 Waingereza walianza kuweka dresa kwenye zahanati za serikali za wenyeji: kijana wa hapohapo, aliyefundishwa kusafisha vidonda, kufunga bendeji na kutoa dawa chache. Yaliyomshinda ayapeleke hospitali. Lakini hiyo ndiyo miaka ya sindano ya buba. Mtu aliyejaa vidonda vya ugonjwa huo alichomwa mara chache, ngozi ikatakata, na kijiji kizima kikaona. Tangu hapo imani ikahamia kwenye sindano, na kila aliyevaa nguo nyeupe akawa daktari, apende asipende. Dresa yuko peke yake, hospitali ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, angemkatalia nani?

Mzigo ule haujatuliwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 imeweka Baraza, usajili na leseni. Wa cheti husoma miaka miwili, wa stashahada mitatu, wa shahada minne. Lakini penye muuguzi mmoja, ngazi zote humwangukia yeye: apime, aandike dawa, azalishe, afunge na stoo.

Wazee ndio huumia zaidi, nao hawapigi kelele. Nilipomuuguza baba katika hospitali moja mjini Mbeya, mhudumu alidhani kumgeuza ni kazi ya muuguzi, muuguzi akadhani ni yangu, nami nimekaa na chupa ya uji nikingoja kuelekezwa. Siku ya nne, chini ya mgongo, kidonda kikafunguka. Kiswahili kinasema ndugu "anauguza", na muuguzi katoka katika neno hilohilo. Ni neno la upendo, ila upendo haujui mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa ngapi.

Kwa hiyo kila wodi itamke nani anafanya nini, na ndugu aambiwe siku ya kwanza. Nasi tuulize bila haya. Na wewe muuguzi, ukiitwa daktari, jibu kwa fahari: "Mimi ni muuguzi, bibi."

Wiki ijayo: wakunga wa jadi.